Chumba cha Punda

Nyumba aliyotuachia mama ilikuwa na vyumba vinne, na kimoja hakikuwa chetu. Mji wote wa Almarán ulijua. Mimi nilijua kuliko wote, maana ndimo nilimozaliwa. Asiyejua alikuwa mmoja tu, yule niliyemuuzia, na hakujua kwa sababu mimi, Fermín, fundi bomba wa mji huu, mtu ninayeachiwa funguo za nyumba kumi na nne za wageni, sikumwambia.

Nyumba yetu na ya Virtudes, jirani niliyemwita shangazi, zimeshikana ubavu kwa ubavu mlimani. Milango yote miwili inatazama Mtaa wa Chini, ambako hata pikipiki haifiki. Kwa nyuma, juu ya majiko yetu, kuna chumba kimoja kilicho sawa na Mtaa wa Juu, ule wenye gari na duka la dawa. Zamani Celedonio, mume wa Virtudes, alikuwa akimlaza humo punda wake wa kubebea mchanga. Mwaka mama alipokuwa na mimba yangu, bibi yangu alikuwa kitandani chumba cha mbele akikohoa damu, na daktari akasema mtoto asivute hewa ile. Virtudes hakuwa na mtoto, wala hakuja kupata. Alimwambia mumewe auze punda. Celedonio, ambaye alikuwa mwashi, akaziba mlango wa upande wao, akatoboa ukuta wa upande wetu, akaugeuza mlango wa barabarani kuwa dirisha, na baada ya siku tisa nikazaliwa mle. Shuleni waliniita Mtoto wa Zizi. Sikuchukia, kwa sababu kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote mtaani.

"Chukua," Virtudes alimwambia mama. "Siku Mungu akikuita, mlango wako utazibwa na mimi nitafungua wangu."

Hawakuandikiana. Kwetu hati ya nyumba ni brashi. Kila mwezi wa nne, kabla ya Sikukuu ya Msalaba, kila mtu anapaka chokaa ukuta wake, na ukuta unaoupaka ndio wako. Kwa miaka hamsini na mitatu sisi tulilala katika chumba cha punda, na kwa miaka hamsini na mitatu Virtudes ndiye aliyepaka ukuta wake wa nje kule Mtaa wa Juu. Mwenye ukuta akiugua au akiwa na msiba, jirani humpakia, lakini hapo mwenyewe lazima atoke na sahani ya chakula, na aliyepaka lazima ale palepale, amesimama, watu wakiona, mpaka sahani iwe tupu. Asipokula, ina maana anaudai ukuta. Mwaka mmoja muuza nyama alipitiliza brashi shubiri moja kwenye ukuta wa shemeji yake, wakanuniana miaka kumi na moja, mpaka shemeji akaleta yai la kuchemsha na muuza nyama akalila amekunja uso. Kesi ikaisha siku hiyo.

Basi mama, Trinidad, alikufa mwezi wa pili. Kwenye msiba Virtudes alikaa karibu yangu. Alikuwa na miaka themanini na mitatu na magoti yaliyokwisha kazi. Kutoka mlangoni kwake hadi Mtaa wa Juu kuna ngazi arobaini na mbili, na kila akitaka kwenda kwa daktari vijana wanne humbeba juu ya kiti.

"Mpwa wangu wa Zaragoza anataka kunipeleka nyumba ya wazee," aliniambia, "eti ngazi zitaniua. Nimemwambia atulie. Nikishapata chumba cha punda, nitarudisha mlango pale dirishani, kitanda changu kitakuwa barabarani, na daktari ataingia kwa miguu yake mwenyewe. Sitabebwa tena kama gunia la lozi. Lakini usijiharakishe, mwanangu. Maliza kwanza kumlilia mama yako."

"Sawa, shangazi," nikasema. Nilisema sawa, na mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake.

Dada yangu Nieves, anayeishi mbali na ana shida zake, alitaka tuuze. Mimi pia nilitaka, nisimsingizie. Dalali Crisanto akaja, akazunguka nyumba nzima amekunja midomo, mpaka alipofika chumba cha punda na kufungua dirisha. Bahari yote ikaingia ndani.

"Hiki ndicho kinachouza," akasema. "Ukikitoa hiki, Fermín, una pango lenye jiko."

Yeye ni wa hapahapa. Alijua. Alinitazama mara moja tu, kisha akaanza kupiga picha. Hati ya zamani ya babu ilisema tu "nyumba ya Mtaa wa Chini, inayopakana na ya Celedonio," bila kutaja ukubwa. Mpimaji akaja na kupima alichokikuta. Alikuta vyumba vinne.

Mnunuzi alikuwa mama mmoja Mholanzi, Hanneke, dereva wa tramu aliyestaafu, mrefu, mpole, anayefika dakika ile ile aliyosema. Lugha yetu alijifunza kwa miaka sita jioni jioni, akijiandaa kuhamia. Alipoingia chumba cha punda alikaa chini sakafuni, mama wa watu, na koti lake zuri.

"Miaka thelathini nimetazama mgongo wa tramu iliyo mbele yangu," akasema. "Ninachonunua ni hiki. Hivyo vingine nitavitumia kwa kulala." Kisha akageuka. "Chumba hiki kimekuwa cha familia yenu siku zote?"

Nilikuwa na nafasi. Virtudes alikuwa upande wa pili wa ukuta, nasikia sufuria zake.

"Nilizaliwa humu," nikasema.

Hanneke akatabasamu, akafuta macho. Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwa neno lile, kwamba ni kweli tupu, na ndiyo maana linaniuma hadi leo. Mwongo wa kawaida anajua amesema uongo. Mimi nilichukua wema niliotendewa nikiwa na umri wa siku moja nikaibia nao. Mwezi wa kumi tuliweka sahihi.

Nilingoja matusi ya Virtudes, nikajiandaa hata kwa majibu, eti sheria ni sheria, eti mpimaji ndiye aliyepima. Matusi hayakuja. Nikaanza kupita njia ya makaburini ili nisipite mlangoni kwake. Siku moja tukakutana uso kwa uso kwenye duka la mkate.

"Umekonda," akasema. "Unakula?"

"Nakula, shangazi."

"Haya."

Angenitemea mate ningelala usingizi siku ile.

Baada ya Krismasi nikamwona Visita, jirani wa Mtaa wa Juu ambaye mdomo wake hauna kufuli, amebeba vyungu vitatu vya maua mekundu. Nilivifahamu. Vilikaa mlangoni kwa Virtudes tangu nijue kutembea.

"Anagawa vitu," Visita akaniambia kabla sijauliza. "Mpwa wake anakuja kumchukua, Sikukuu ya Msalaba ikipita tu. Kuku kampa mke wa mwokaji. Nikamwuliza, we Virtudes, mbona huendi kwa huyo mama Mholanzi ukamwambia? Unajua kanijibu nini? Kasema hawezi kumwaibisha mtoto wa Trinidad na udongo wa kaburi la mama yake haujakauka." Akaviweka vyungu vizuri kwapani. "Mimi ningekuaibisha. Ningepita na ngoma."

Nikamwambia nina bomba linavuja mahali.

"Litakuwa lako hilo linalovuja," akasema.

Wiki ya chokaa ikafika. Mji wote ukawa na harufu ile kali, watu wana madoa meupe kwenye nyusi. Virtudes alipaka ukuta wake wa Mtaa wa Chini akiwa amekaa kitini, brashi ameifunga kwenye mti wa ufagio. Wa Mtaa wa Juu hakuugusa. Mvua za baridi zilikuwa zimeutia michirizi ya kijani, na sasa, katikati ya kuta nyeupe pande zote, ulionekana kama jino bovu. Watu walipita wakitazama ukuta, kisha wakitazama kama mimi nipo. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Virtudes alikuwa ameacha kudai, na kila mtu alijua aliyemfanya aache.

Ijumaa Hanneke alinipigia simu.

"Fermín, ukuta wangu wa juu ni mchafu peke yake mtaa mzima. Naona aibu. Nimenunua brashi nipake mwenyewe, lakini Visita amesema nikuulize wewe kwanza. Amesema wewe ndiye unayejua ukuta ni wa nani. Maana yake nini?"

"Visita ana maneno mengi," nikasema. "Usihangaike, nitakupakia mimi. Kesho."

Nilijua vizuri ninachokifanya. Nilitaka ule ukuta uwe mweupe, maswali yaishe, mpwa aje, kiti cha Virtudes kiondoke, na mimi nianze kusahau. Nikaamua kwenda alfajiri, nimalize kabla watu hawajaamka. Mtu wa Almarán kuwaza hivyo ni upumbavu, maana wiki ya chokaa watu wanaamka kabla ya jogoo ili wapake kabla jua halijakaza. Lakini mwizi ana akili fupi. Nilifika na ngazi na ndoo yangu, nikakuta mtaa mzima uko nje.

Sikuweza kurudi. Nikaegemeza ngazi, nikapanda, nikaanza. Mazungumzo yakakatika. Nilisikia brashi yangu peke yake.

"Fermín," Visita akaita kutoka dirishani, "siku hizi una ukuta Mtaa wa Juu?"

"Nampakia mgeni."

"Kwani mgeni hana mikono?"

"Ana kazi."

"Amestaafu, baba. Amestaafu."

Mtu akacheka, na mwingine akamwambia nyamaza. Nikaendelea kupaka. Masikio yalikuwa yananiwaka, na mkono ukafanya kazi haraka haraka, vibaya, chokaa inanirukia machoni. Nilikuwa nimefika nusu niliposikia fimbo.

Ilikuwa inapanda ngazi za kichochoroni. Inagonga, inatulia, inagonga. Wote tuliijua. Mwokaji akaenda kumsaidia, nikasikia akiambiwa aondoe mkono. Sijui ilichukua dakika ngapi. Ngazi arobaini na mbili, na kila moja niliisikia, na sikushuka kumpokea. Hilo nalo nimelibeba.

Akatokea mwisho wa kichochoro, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili sahani iliyofunikwa kitambaa. Uso ulikuwa mweupe kwa kuchoka. Alisimama chini ya ngazi yangu mpaka pumzi ikamrudia.

"Shuka ule," akasema. "Umenipakia ukuta wangu."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini mtaa wote ulisikia. Akafunua kitambaa. Zilikuwa migas, makombo ya mkate wa juzi yaliyokaangwa na kitunguu saumu, na sardini wawili juu, bado zinatoa moshi kidogo baada ya ngazi zote zile.

Dirisha la chumba cha punda likafunguka. Hanneke akatoa kichwa, nywele hazijachanwa, akaiona sahani na watu wote, akafurahi.

"Jirani analeta chakula! Desturi nzuri sana hii!"

Mimi nilikuwa nimeshika ngazi kwa mikono miwili. Nikisema "nimeshiba, shangazi," kwa sauti ya upole kabisa, basi. Chumba kimekwenda, mbele ya mashahidi, na Jumatatu ya wiki inayofuata Virtudes anabebwa juu ya kiti kwa mara ya mwisho, anapelekwa mbali akafie kwa watu asiowajua. Nikila, nimekiri mbele ya mji mzima kwamba niliuza kisicho changu, na mama huyu anayetabasamu dirishani atajua alimwachia ufunguo wake nani. Nilijua nikimwambia nimeshiba ningekuwa salama. Karatasi zote zilikuwa upande wangu. Nakiri kwamba nilifungua mdomo, na sina hakika hata leo nilitaka kusema nini.

"Zinapoa," Virtudes akasema.

Nikashuka. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikapokea sahani, nikala.

Nilikula nimesimama, kama inavyotakiwa, na chokaa kwenye midomo. Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta, kwa kuwa mmoja ulishika sahani na mwingine uma.

"Na sardini," akasema Virtudes. "Mama yako naye alikuwa na tabia ya kuwaacha."

Nikala sardini. Nilipomaliza nikamrudishia sahani.

"Shangazi, nisamehe."

"Sikupanda ngazi arobaini na mbili kuja kusamehe mtu," akajibu. "Nimekuja kumlisha aliyenifanyia kazi. Na hapo juu kulia umeruka."

Hanneke hakuwa akitabasamu tena. "Fermín," akasema, "kwa nini unalia?"

Nikamwambia. Pale pale barabarani, yeye dirishani na mimi chini, watu wote wakisikia. Nilimwambia habari ya punda, ya bibi yangu na damu, ya mlango uliozibwa upande wa pili. Hakunikatiza.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukasema ulizaliwa humu."

"Ndiyo."

Akafunga dirisha taratibu, kama mtu anayefunga chumba chenye mgonjwa. Nikapanda ngazi nikamalizia upande wa kulia.

Mambo ya karatasi, na kumrudishia Hanneke pesa za chumba, yalichukua miezi mitatu na yaliniachia mifuko mitupu. Nieves alisema nimemfanya mjinga na hajanipigia simu tangu hapo. Hanneke angeweza kunipeleka mahakamani, hakunipeleka. Alibaki na vyumba vyake vitatu, na ufunguo wake akaja kuuchukua saa nne kamili, kama alivyosema, akanishukuru kwa adabu. Wageni wengine wakafuata mmoja mmoja. Kati ya funguo kumi na nne nimebaki na tatu. Mlango wa upande wetu niliuziba kwa mikono yangu, nikafungua ule wa Celedonio, na dirisha nikalirudisha kuwa mlango. Mpwa alikuja, akaona kitanda kiko sawa na barabara, akala chakula cha mchana, akarudi Zaragoza peke yake.

Vyungu vya maua vilirudi, isipokuwa kimoja ambacho Visita anasema alipewa kihalali. Jioni Virtudes huketi mlangoni Mtaa wa Juu, na Hanneke hupanda ngazi zile arobaini na mbili na kiti chake mkononi, akaketi karibu naye, wakatazama bahari. Mimi nikipita Virtudes ananiita nikae. Nakaa. Hanneke ananisalimu vizuri, kisha anakumbuka kitu alichoacha jikoni.

Mwaka huu mwezi wa nne nilikwenda kumpakia ukuta, maana mikono yake haiinuki tena. Alikuwepo muuguzi mpya wa zahanati, msichana wa mbali, amekuja kumpima presha, ameingia kwa miguu yake mwenyewe kutoka barabarani. Virtudes akatoka na sahani ya migas. Nikaanza kula, mtaa unanitazama kama ulivyonitazama mwaka jana na kama utakavyonitazama miaka yote atakayokuwa hai.

"Huyu ni mwanao, bibi?" muuguzi akamwuliza.

Virtudes akanitazama, chokaa nyusini, uma mkononi. Akacheka kidogo.

"Huyu?" akasema. "Huyu alizaliwa humu."

Alisema kwa mapenzi tu, hakukuwa na kijembe ndani yake, namjua. Nilisimama pale na mdomo umejaa, siwezi kumeza wala kutema, mpaka Visita akaniambia kutoka dirishani nile, zinapoa.